Odi za poti ni nini katika poka?

Wanaobeti mpira wanazijua odi. Katika poka, odi za poti ni bei ya kubaki mchezoni: unadaiwa kiasi gani, na katikati ya meza, yaani kwenye poti, kuna kiasi gani cha kugombea. Mchezaji makini huuliza bei kabla ya kujipa matumaini.

Chukua Texas Hold'em, ambapo kila mtu hushika karata zake mbili na nyingine tano hufunuliwa mezani kwa wote. Una ree na nane za shupaza. Mezani zimeshafunuliwa nne, mbili zikiwa shupaza. Ikija shupaza nyingine unapata flashi, yaani karata tano za alama moja, na kwa kuwa una ree, ni flashi kubwa. Shupaza zote ni 13, umeona nne, zimebaki tisa. Karata usizoziona ni 46. Tisa kati ya 46 ni kama mara moja katika tano.

Poti ina 600, mpinzani anaweka 150. Sasa unalipa 150 kugombea 750. Cheza mkono huo mara 46: mara tisa unazoa 750, jumla 6,750, mara 37 unapoteza 150, jumla 5,550. Lipa, hata kama leo shupaza haitakuja. Angeweka 600, ungelipa 600 kugombea 1,200: unazoa 10,800, unapoteza 22,200. Tupa karata.

Wengi huteleza hapa: "Nimeshaweka 300 humo, niziacheje?" Hizo si zako tena. Zimo ndani ya ile 600 na hesabu imeshazila.

Mezani hakuna muda wa kugawanya, kwa hiyo watu huzidisha karata za kuwaokoa kwa mbili: tisa mara mbili, asilimia 18. Hesabu kamili ni 19.6, haiko mbali. Zikibaki karata mbili za kufunuliwa huzidisha kwa nne, ila hiyo inafaa tu ikiwa hutadaiwa dau jingine katikati, na mara nyingi utadaiwa.

Halafu, si kila shupaza inaokoa. Mezani pakiwa na karata mbili za kumi, shupaza yako inaweza kuja wakati mpinzani ameshapata ful hausi (karata tatu za namba moja na mbili za namba nyingine), na flashi haifui dafu mbele yake. Na kama badala ya ree ungeshika tano, mwenye shupaza kubwa angekungoja palepale, akiomba nawe upate yako.