Je, wajua kwa nini majaribio ya tiba ya kisukari aina ya kwanza huwakataa wagonjwa wa siku nyingi?

Mtu aliyeishi na kisukari aina ya kwanza kwa miaka 20 akipekua sajili ya majaribio ya tiba, hachelewi kukutana na sharti la ajabu: mshiriki awe amegunduliwa kuwa na ugonjwa huo ndani ya siku 100 zilizopita. Yeye kajidunga sindano miaka yote hiyo, na nafasi anapewa aliyeanza juzi.

Wengi hudhani jaribio ni foleni ya wenye shida, aliyeumwa zaidi atangulie. Akikataliwa, mtu huona ameambiwa kwamba hali yake imeshindikana. Wengine hushuku kuwa watafiti wanachagua wagonjwa wepesi ili dawa yao ing'are. Shaka hii ya pili ina chembe ya ukweli, ila imeshikwa kwa upande usio wake. Jaribio huundwa ili kujibu swali; kumtibu mshiriki huja nyuma ya hilo. Hata ukikubaliwa, mara nyingi ni bahati nasibu itakayoamua kama utapata dawa au plasebo, yaani dawa bandia isiyo na kitu ndani, na anayekuhudumia huenda naye asijue umepata ipi. Wanaotafutwa basi ni wale ambao miili yao inaweza kulijibu swali lenyewe. Kwa dawa nyingi zinazojaribiwa swali ni hili: kinga ya mwili ikitulizwa, je, seli za beta, zile zinazotengeneza insulini, zilizosalia kwenye kongosho zitanusurika? Mwili usio na seli hizo hauna la kujibu.

Shambulio la kinga dhidi ya seli hizo huanza miezi au hata miaka kabla ya kiu na kukojoa kila saa. Siku ugonjwa unapogunduliwa, kwa kawaida baadhi ya seli bado zipo, na ndiyo maana wapo ambao dozi yao ya insulini hushuka kwa muda mwanzoni, kipindi ambacho madaktari hukiita fungate.

Seli hizo zinahesabiwaje bila kumpasua mtu? Kupima insulini kwenye damu hakusaidii, kwa kuwa mgonjwa anajidunga. Hapa ndipo panaponoga. Kongosho hutengeneza kwanza molekuli moja ndefu, kisha huikata: huku insulini, huku kipande kiitwacho peptidi C, kimoja kwa kimoja. Mfikirie kuku anayeatamia. Kila kifaranga kinachototolewa huacha ganda kiotoni. Ukinunua vifaranga na kuvichanganya na vyake, huwezi tena kujua vipi ni vya nani, lakini vya kununua haviji na maganda. Hesabu maganda, utajua kuku mwenyewe katotoa vingapi. Insulini ya chupa ni kifaranga cha kununua. Tena ini hunasa sehemu kubwa ya insulini inayotoka kongosho kabla haijasambaa mwilini, ilhali peptidi C hupita karibu yote, kwa hiyo ganda ni ushahidi bora kuliko kifaranga chenyewe.

Kipimo chenyewe huhitaji uvumilivu. Mshiriki hufika hajala tangu usiku, hunywa kinywaji chenye wanga, protini na mafuta, kisha huchukuliwa damu mara kadhaa kwa saa 2 au hata 4. Kiwango cha peptidi C kinachotakiwa mara nyingi ni angalau nanomoli 0.2 kwa lita.

Yapo majaribio yanayowataka hata wasioumwa. Teplizumab, dawa ya kutuliza kinga, ilijaribiwa kwa ndugu 76 wa wagonjwa, wasio na dalili, lakini wenye angalau aina mbili za kingamwili za kisukari (dalili kwenye damu kuwa shambulio la kinga limeanza) na sukari iliyoanza kuyumba. Matokeo ya 2019 yalionyesha muda wa kati kabla ya kuugua ukipanda kutoka takriban miezi 24 hadi 48. Marekani iliidhinisha dawa hiyo Novemba 2022. Watu 76 ni wachache, na kuchelewesha si kuponya.

Kwa majaribio ya kupandikiza seli mpya za kutengeneza insulini, sharti hupinduka: anatafutwa asiye na peptidi C kabisa, ambaye sukari humshuka vibaya bila kuhisi. Katika matokeo ya 2025 ya seli zilizokuzwa maabara, 10 kati ya 12 waliopewa dozi kamili hawakuhitaji insulini baada ya mwaka, ila kwa gharama ya dawa za kukandamiza kinga.

Kalenda nayo hukosea. Kituo cha Joslin mjini Boston kimepima watu walioishi na ugonjwa huu miaka 50 na zaidi, na baadhi walikutwa bado wana peptidi C. Kwa hiyo usijihukumu kwa miaka tu.

Anayetafuta aanzie ClinicalTrials.gov, iliyopo tangu 2000, au jukwaa la Shirika la Afya Duniani linalokusanya sajili za nchi mbalimbali. Asome vigezo kabla ya ahadi: umri, muda wa ugonjwa, peptidi C, ujauzito. Jaribio kuwemo kwenye sajili hakumaanishi kuna aliyelithibitisha kuwa salama. Fomu ya ridhaa humruhusu kujitoa wakati wowote bila kueleza sababu. Na kabla ya kusaini la kwanza aulize jambo moja zaidi, kama dawa hiyo itamfungia milango ya majaribio yajayo, kwa sababu majaribio mengi humkataa aliyewahi kupewa dawa ya kubadili kinga katika jaribio lililotangulia.