Vinasaba bila nasaba

Julai, baridi ya Mbeya ikiwa imehamia kwenye vidole, dada mmoja alinifuata hadi mlangoni mwa maabara. Kaka yake, mkulima wa viazi kutoka upande wa Rungwe mwenye miaka 41, alikuwa ameambiwa ana saratani ya damu, leukemia sugu ya mayeloidi. Daktari wa wodini alipoeleza alitumia neno "vinasaba", na jioni hiyohiyo simu zikapigwa ukoo mzima. Upande wa baba ukasema ugonjwa umetoka kwa wajomba, kwani kuna mjomba aliyefariki zamani akiwa na tumbo kubwa. Mke wa mgonjwa naye akasusa. Aliposikia wanataka watoto "wapimwe vinasaba", kilichomjia kichwani ni Mkemia Mkuu wa Serikali na kesi za nani baba wa mtoto.

"Daktari," dada akaniambia, "nyumba inawaka moto." Mimi si daktari, ni mtu wa maabara ya damu, ila kwetu kila mwenye koti jeupe ni daktari.

Nadhani kosa tunalo sisi tuliolichonga neno lenyewe. Vinasaba, nasaba, ukoo: sikio la Mswahili linaunga hayo matatu kabla hujamaliza sentensi. Kumbe katika saratani nyingi za damu, hitilafu ya vinasaba mtu harithi kwa baba wala mama. Inatokea baada ya mimba kutungwa, ndani ya seli moja tu, mara nyingi ya uboho, na hao wazao wake ndio wanaobeba kasoro. Mbegu za uzazi hazina habari.

Nilimwonyesha tyubu ya damu ya kaka yake iliyokuwa imesimama kwenye raki tangu asubuhi. Damu ikitulia hujipanga: chembe nyekundu chini, majimaji ya njano juu, na katikati utando wa chembe nyeupe, mwembamba kama karatasi. Wake ulikuwa na unene wa kidole. Mashine ilikuwa imehesabu chembe nyeupe 312,000 kwa kila maikrolita, wakati mtu mzima mwenye afya huwa na kati ya 4,000 na 11,000. Kwenye darubini slaidi ilijaa chembe za kila umri, changa kwa komavu, kama stendi ya Nane Nane siku moja kabla ya Krismasi. Bandama lake lilikuwa limeshuka hadi kitovuni, na chini ya mbavu za kushoto ana chale. Alichanjwa mara mbili akidhaniwa ana bandama la malaria.

Mwaka 1960 Peter Nowell na David Hungerford, wakiwa Philadelphia, waliona kwenye seli za wagonjwa kama huyu kromosomu moja, yaani uzi unaobeba vinasaba, fupi isivyo kawaida. Ikaitwa kromosomu ya Philadelphia. Mwaka 1973 Janet Rowley wa Chicago akagundua kwamba kile kipande hakikupotea: kromosomu namba 9 na namba 22 zilikatika na kubadilishana ncha. Pale zilipoungwa vibaya, jeni (kinasaba kimoja) ya ABL1 ilishonwa kwenye jeni ya BCR, na kutoka hapo ikazaliwa protini ambayo haikuwahi kuwepo. Kazi yake ni kuiamrisha seli igawanyike, na haijui kunyamaza. Ni koki iliyokatika kichwa.

Dawa ya imatinibu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2001, inaingia kwenye tundu la hiyo protini na kulizibia nishati. Kabla yake mgonjwa alihesabiwa miaka michache, labda apate kupandikizwa uboho. Wagonjwa waliofuatiliwa tangu majaribio makubwa ya mwanzo, asilimia 83 walikuwa hai baada ya miaka 10. Kwa vidonge vya kumeza nyumbani! Nimeangalia slaidi karibu miaka ishirini, na sijaona dawa nyingine iliyonishangaza hivyo.

Kuthibitisha ndiko kulikokuwa mtihani. Mwaka wangu wa kwanza nilipeleka uboho wa mgonjwa Dar es Salaam kwa basi, zaidi ya kilomita 800, katika tyubu yenye kifuniko cha zambarau. Kwa kuotesha kromosomu inatakiwa ya kijani, yenye heparini ya kuzuia damu isigande, kwa sababu seli lazima zifike hai zigawanyike. Hakikuota kitu. Mgonjwa akachomwa tena sindano ya mfupa, na ya pili inauma kuliko ya kwanza maana anajua kinachokuja. Siku hizi kuna katriji ya BCR-ABL inayoingia kwenye GeneXpert, mashine ileile tunayopimia makohozi ya kifua kikuu. Inatumia damu ya mkononi na kutoa jibu chini ya saa tatu. Ukiwa na mashine lakini huna katriji, una kabati la bei ghali.

Limfoma za seli B, saratani za chembe nyeupe zinazoota uvimbe, zina hadithi yao, na hii ya kwetu kabisa. Seli B ndizo zinazotengeneza kingamwili, na ili zitengeneze za aina nyingi, zina ruhusa ya kufanya jambo la hatari: kukata vinasaba vyao wenyewe na kuviunga upya. Ni fundi cherehani anayefanya kazi gizani na mkasi mkali. Siku akikosea, jeni ya MYC, inayochochea seli zigawanyike, kutoka kromosomu ya 8 inajikuta kwenye kromosomu ya 14, ubavuni mwa jeni ya kingamwili. MYC yenyewe mara nyingi inafika nzima, kilichobadilika ni mtaa. Mchukue mtu anayelala saa tatu, umpangishie chumba kilichopakana na baa Mwanjelwa, hatalala tena. Hiyo ndiyo limfoma ya Burkitt, uvimbe wa taya au tumbo la mtoto, unaoweza kukua maradufu ndani ya siku moja hadi mbili.

Denis Burkitt, daktari wa upasuaji pale Mulago, Kampala, mwaka 1961 alizunguka kwa gari na wenzake wawili karibu kilomita 16,000, Tanganyika ikiwemo, akiuliza hospitali kwa hospitali: mmewahi kuona uvimbe huu? Aligundua kwamba karibu na ikweta hauonekani sana juu ya mita 1,500 hivi, na mstari huo unashuka kadiri unavyoelekea kusini. Sisi wa Mbeya tuko kwenye mita 1,700. Lakini panda basi, pita Tukuyu, teremka hadi Kyela penye mpunga na joto, uko kwenye mita 500 na ushee. Mbu ndiye aliyechora ule mstari. Malaria ya mara kwa mara inazilazimisha seli B zikate na kushona bila kupumzika, na kirusi cha Epstein-Barr, kilichoonekana mwaka 1964 kwenye seli za uvimbe uliotoka Uganda, kinazisaidia zilizokosewa zisife. Hapo tena, ukoo hauna kesi. Bwawa nyuma ya nyumba linayo.

Sikumficha dada kwamba si zote ziko hivyo. Leukemia sugu ya limfosaiti (aina ya chembe nyeupe), ya wazee, huonekana kidogo kwenye koo: ndugu wa damu wa mgonjwa wana uwezekano zaidi, ingawa wengi hawaupati kamwe. Nayo ina alama zake. Karibu nusu ya wagonjwa wamepoteza kipande cha kromosomu ya 13, na mara nyingi hao huenda polepole, wengine wakiangaliwa tu bila dawa. Aliyepoteza kipande cha 17, palipo na jeni ya TP53 inayozuia seli mbovu, kemotherapi ya kawaida haimfai sana. Ila huo siyo ugonjwa wa kaka yake.

Nikachora kromosomu mbili nyuma ya fomu ya kipimo, 9 na 22, na mishale ikipishana.

"Kwa hiyo watoto hawapimwi?"

"Hawapimwi. Anayepimwa ni baba yao, kila miezi mitatu, tuone dawa inafanya kazi. Na asiache vidonge akijisikia nafuu."

"Na wajomba?"

"Wajomba hawana kosa, dada yangu."

Akaitazama ile michoro, akaniomba niandike chini yake kwa herufi kubwa HAURITHIWI, na nigonge muhuri. Nikagonga. Akaikunja mara nne, akaitia kwenye kipochi. Kikao cha ukoo, akasema, ni Jumamosi.