Je, wajua kwa nini kitabu cha mwisho cha mfululizo ndio huwa hakiishi kuandikwa?

Kama umewahi kuwa kwenye grupu la simulizi la WhatsApp hii hali unaijua, hadithi inaanza kwa kasi, sehemu ya 1 mpaka ya 30 zinashuka kila siku saa mbili usiku kama taarifa ya habari, alafu mkifika kwenye 130 hivi mtunzi anaanza, mara simu imezima, mara umeme, mara kuna msiba Rombo, na nyie huku mshalipa elfu mbili mbili zenu za kusoma mpaka mwisho.

Mimi nina jamaa yangu yupo Ngarenaro pale Arusha, mchana anasajili laini chini ya mwamvuli, usiku anaandika riwaya kwenye simu. Riwaya yake ni ya binti aliyeokota bangili ya chuma msituni kule Mlima Meru na toka siku hiyo anawasikia waliokufa wakiongea. Tamu balaa. Alifika sehemu ya 140 mwaka jana mwezi wa tisa akasema zimebaki kumi tu, na mpaka leo zimebaki kumi tu. Nakiri kabisa mimi ni mmoja wa waliomtolea maneno. Sasa juzi nilienda Arusha kununua tona ya mashine yangu (nina kistesheneri Moshi) nikapitia kijiweni kwake nimseme vizuri ana kwa ana, akanitolea kaunta buku. Nikakosa cha kusema.

Kabla sijasema kulikuwa na nini humo, ujue hili sio tatizo la watunzi wa WhatsApp tu. Wazungu wanaoandika yale mavitabu mazito ya kifantasia, ya mazimwi na panga na wachawi, yamewakuta makubwa zaidi. Maarufu kuliko wote ni George R. R. Martin wa Marekani, yule ambaye riwaya zake ndio zilizaa sizoni ya Game of Thrones. Kitabu cha kwanza kilitoka 1996, cha tatu 2000, yani mpaka hapo mambo yanaenda. Cha nne 2005. Cha tano 2011. Cha sita ndio watu wanakisubiri mpaka wengine washaoa na kuzaa, na kumbuka cha sita sio cha mwisho, mpango wake ni vitabu saba! Na mwanzo kabisa alipanga viwe vitatu. Sizoni ilianza 2011, ikavipita vitabu njiani, ikamaliza 2019 kwa namna iliyowaudhi wengi mimi nikiwemo.

Mwishoni mwa 2022 Martin alisema ameshaandika kama kurasa 1,100 mpaka 1,200. Mwaka mmoja baadae, mwishoni mwa 2023, akaulizwa tena akasema ana kama kurasa 1,100 na bado mamia mengine. Mwaka mzima umepita namba iko palepale! Ukiisoma haraka utasema mzee kalala, anakula hela za HBO, wale wenye kituo cha TV kilichorusha ile sizoni. Inawezekana, sikatai, lakini kuna maelezo mengine ambayo kwa mtu aliyeona lile kaunta buku yanaingia akilini zaidi.

Mama yangu ni mweka hazina wa kikoba huku Majengo. Kuanzisha kikoba ni raha tupu, mnakula maandazi, mnachagua jina, mwezi wa pili mtu anakopa anacheka, mwezi wa tano anakopa tena, na kila aliyekopa anaahidi. Hela inazunguka, kila mtu anaona kikoba kiko vizuri. Kasheshe ni Desemba siku ya kuvunja, maana kila mtu anataka chake apande nacho nyumbani Krismasi, na hapo ndio inajulikana nani kakopa nini, nani kahamia Babati kimya kimya, na shilingi ngapi ziko kwenye daftari lakini hazipo kwenye sanduku. Mama wiki hiyo hata chakula hakipiti.

Mtunzi naye anakopa. Kila anapoandika "itaendelea" amekopa. Bibi anamwambia binti usivuke ule mto jioni, hasemi kwa nini, msomaji anatoa mkopo wa uvumilivu akiamini atalipwa mbele. Vitabu vya katikati vinaweza kulipa deni moja na kukopa mawili, na hakuna anayelalamika, tena ndio utamu wenyewe. Kitabu cha mwisho peke yake ndio hakina pa kusogezea, ndio siku ya kuvunja kikoba, na mtunzi anajikuta anadaiwa na kila mtu toka ukurasa wa kwanza wa kitabu cha kwanza.

Ndio nilichokiona kwenye lile kaunta buku. Kayachora mistari kwa rula, kila mstari deni moja. "Bibi na mto, s. 7." Pana tiki. "Mtoto aliyeachwa stendi, s. 22, YUKO WAPI??" Hamna tiki. "Mganga jicho bovu ni la KUSHOTO" hii kaiandika kwa kalamu nyekundu na kuizungushia duara mara tatu, maana sehemu ya 12 mganga alitobolewa jicho na mwiba, alafu sehemu ya 88 jamaa kasahau kamwandika anamtazama binti kwa macho yake yote mawili, na wasomaji wakamchana wiki nzima. Akawa hana pa kukimbilia, sehemu ya 12 ilishasomwa na mamia ya watu, huwezi kumwendea kila mtu simuni kwake ukamfutia.

Hapa pana jambo kubwa kuliko linavyoonekana. Kitabu kikishatoka kinakuwa kimefungwa, ulichosema umesema. Mtu anayeandika kitabu kimoja akikwama mwishoni anarudi mwanzo anabadilisha, anamtoa mtu, anaongeza mlango, hakuna atakayejua. Mwenye mfululizo wa vitabu vitano madukani harudi popote. Tolkien, Mwingereza aliyeandika The Lord of the Rings, ile ya pete ya uchawi, alianza ile kazi Desemba 1937 na ikatoka 1954 na 1955, miaka kama 17, lakini yeye alishaimaliza yote kabla ya kipande cha kwanza kuchapwa, kwake kilikuwa kitabu kimoja, wachapishaji ndio walikigawa vitatu kwa sababu ya gharama za karatasi baada ya vita. Na bado kikamsumbua kile kitabu chake cha zamani, The Hobbit cha 1937, ambamo Gollum, kile kiumbe kilichokuwa na pete, alikuwa tayari kabisa kuitoa pete kama zawadi ya mashindano ya vitendawili, sasa pete ikishakuwa kitu cha kuroga mtu roho inawezekanaje aigawe kirahisi hivyo? Ikabidi ile sura iandikwe upya, na toleo lililobadilishwa likatoka 1951. Yeye alipata bahati hiyo ya kurekebisha. Wengi hawaipati.

Alafu kuna kitu cha pili, njia za watu kukutana. Martin alikwama miaka kwenye kitabu cha tano kwa sababu alikuwa na wahusika kibao wanaoelekea mji mmoja unaitwa Meereen, mwenyewe akaliita fundo. Usione ni kitu kidogo. Piga picha stendi ya Moshi, kuna mtu anatoka Dar na basi la alfajiri, mwingine anatoka Babati, mwingine kavuka Namanga, wote wanamtafuta dada mmoja anayeuza ndizi pale nje. Wa Dar akifika kwanza anamuoa. Wa Babati akifika kwanza anampa barua na dada anakimbia. Wa Namanga akiwahi, hakuna ndoa wala barua, kuna maiti. Kila ukibadilisha nani kafika kwanza inabidi uandike upya kila kitu kinachofuata, na kurasa 200 ulizozihesabu jana leo ni za kuwashia jiko. Mwisho alilifungua lile fundo kwa kuongeza mtu mwingine wa kutusimulia kutokea mlemle mjini, yule askari mzee Barristan, yani amelipa deni kwa kukopa pengine. Wazoefu wa vikoba wananielewa.

Kwa hiyo ukisikia mtunzi kasema amefika asilimia 90 usianze kupiga hesabu za tarehe. Asilimia ya nini? Ukuta wa tofali ukifika nusu ni nusu kweli, kesho huukuti robo. Kuandika hakuko hivyo. Jamaa yangu alikuwa na sehemu sita tayari kwenye simu, 141 mpaka 146, akazifuta zote usiku mmoja kwa sababu aligundua binti kashajua siri ya bangili mapema mno na hakuna kilichobaki cha kumtisha. Hapo alirudi nyuma lakini ukimuuliza atakwambia ndio siku aliyosogea kuliko zote, na mimi namwamini, ingawa elfu mbili yangu inauma.

Wapo wanaomaliza kwa wakati, tusiseme uongo. Rowling wa Harry Potter alitoa saba kwa miaka kumi, 1997 mpaka Julai 2007, na ile sura ya kufungia alikuwa ameiandika miaka mingi kabla, kwa hiyo alijua anaelekea wapi hata kama njiani kulikuwa na makorongo. Martin mwenyewe anasema watunzi wako wa aina mbili, wachora ramani na wapanda bustani. Mchora ramani anajua choo kitakaa wapi kabla hajachimba msingi. Mpanda bustani anafukia mbegu anaona kitakachoota, na yeye Martin anajiweka huku. Sisi watu wa huku juu tungesema wa pili analima kihamba, mgomba hapa, kahawa chini yake, magimbi pembeni, parachichi limejiotea lenyewe na sasa ni kubwa kuliko nyumba. Kinapendeza kuliko shamba la mistari, mimi nakipenda, lakini siku ukiambiwa ukipime mwisho wake uko wapi unazunguka mpaka giza.

Na kama hujanielewa kuhusu madeni angalia kilichotokea kwa Robert Jordan, mtunzi mwingine wa fantasia. Alianza kutoa mfululizo wake wa The Wheel of Time 1990, akafariki Septemba 2007 kwa ugonjwa wa moyo kabla hajamaliza kitabu alichosema ndio cha mwisho. Aliacha maelezo, vipande vipande, na ile tukio la mwisho kabisa alishaliandika mwenyewe. Mjane wake Harriet McDougal, ambaye ndiye alikuwa mhariri wake, akamchagua kijana Brandon Sanderson amalizie. Kitabu kimoja tu. Sanderson ni mchora ramani haswa, yule ambaye kwenye tovuti yake anaweka vimistari vya asilimia kila kazi imefika wapi, mtu wa mahesabu, akakaa na yale makaratasi akakuta kilichobaki hakiingii kwenye kitabu kimoja hata ukikisukuma kwa goti. Vikatoka vitatu, 2009, 2010 na Januari 2013. Kwenye hicho cha mwisho kuna sura moja ya vita ina maneno zaidi ya 70,000, sura moja! Hiyo peke yake ni riwaya kamili, na sababu ni kwamba kila mtu aliyewahi kutajwa toka 1990 ilibidi aonekane vitani, afe au apone, msomaji amuage.

Hicho kitabu mimi nilikisoma kwa sababu mtalii aliyeshuka mlimani alikiacha hosteli na jamaa wa usafi akaniletea niuze. Sikuuza. Kilikuwa cha mwisho, vile vingine 13 sikuwa navyo, nikasoma tu hivyohivyo nikiwa sijui nani ni nani, watu wanakufa na mimi sijui nilie au nisilie.

Basi pale kijiweni nikamuuliza jamaa yangu, bado madeni mangapi. Akashika kaunta buku akahesabu kwa kidole mistari isiyo na tiki, polepole, huku mama mmoja anasubiri kusajiliwa laini na ameanza kuguna. Kumi na moja. Nikamwambia mbona mwezi wa sita uliniambia tisa? Akasema tisa zilikuwa kabla hajarudia kusoma mwenyewe toka mwanzo, alivyorudia akakuta sehemu ya 31 kuna mbwa alifungwa kwenye mti na hakuna mtu aliyekwenda kumfungua.

"Na la pili?"

"La pili sikwambii, utaenda kuposti kwenye grupu."

Nikamlipia chai nikawahi Koasta ya Moshi. Mpaka nafika Usa River nilikuwa namuwaza yule mbwa.