Simu mbovu, moshi wa waya na afya yako: maswali mnayouliza sana

Mimi ni afisa wa kliniki hapa Eastlands, Nairobi, ingawa kila mtu ananiita daktari na nilishachoka kuwasahihisha. Tangu tukae na mafundi wa simu na watu wa skrepu kwa kikao kimoja cha afya, maswali hayaishi, mengine usiku wa manane, so nimeyaweka pamoja hapa.

Swali: Daktari, nina droo imejaa simu za zamani, chaja, rimoti na laptopu moja iliyokufa. Hizo vitu zinatutolea sumu tukilala?

Jibu: Hapana, lala salama. Simu ambayo ni nzima, haijavunjwa na betri haijavimba, haikufanyii kitu hata ikae hapo miaka mingapi. Sumu iko ndani imefungwa: risasi (ile metali inaitwa lead, si ya bunduki) kwa solda ya bodi za zamani, zebaki kwa vile vitaa vya nyuma ya skrini za zamani, kadmiamu kwa aina fulani za betri za kuchaji. Shida huanza siku mtu anapoivunja, anapoichoma, ama wewe unapoitupa kwa taka ya kawaida halafu inaenda kuvunjwa na kuchomwa na mtu mwingine mbali na wewe. Huyo mtu mwingine mara nyingi ni kijana wa miaka kumi na kitu pale kwa dampo la Dandora, na ndio maana naandika haya yote.

Lakini pitia hiyo droo leo. Ukiona simu mgongo umeinuka ama skrini imejisukuma nje, hiyo ni betri imevimba, na hiyo sasa si ya kukaa chumba cha kulala.

Swali: Nimeipata moja hivyo. Fundi ameniambia niitoboe na sindano hewa itoke.

Jibu: Tafadhali usiitoboe. Usiichaji, usiibonyeze kifuniko kirudi, usiiweke juani. Betri ya lithiamu ikitobolewa inaweza kuwaka hapo hapo mkononi, na ule moshi wake una gesi ya asidi kali sana inayochoma macho na mapafu. Iweke kwa mkebe wa chuma wenye mchanga mkavu, mahali penye kivuli mbali na nguo na godoro, halafu itafutie njia ya kwenda kwa watu wa taka za elektroniki. Na si kwa pipa la taka, manake ikibanwa na lori ile taka yote inaweza kushika moto.

Swali: Kuna vijana wanachoma waya karibu na mto jioni ili wapate kopa. Tunafunga madirisha lakini harufu inaingia tu. Ni mbaya kiasi gani?

Jibu: Kwa maoni yangu hii ndiyo mbaya kuliko zote kwa hii orodha. Ile ngozi ya waya mara nyingi ni plastiki ya PVC, ikichomwa inatoa gesi inayowasha koo na macho (hiyo ndio unasikia ikikukaba) na pia inatoa kemikali zinaitwa daioksini ambazo huzioni na huzinusi. Kopa yenyewe iliyo ndani ya waya inasaidia daioksini zitengenezwe kwa wingi zaidi, yaani kuchoma waya ni mbaya kuliko kuchoma plastiki tupu, na hata hiyo usichome. Daioksini zinakaa kwa mafuta ya mwili kwa miaka, zinahusishwa na saratani na kuvuruga homoni, na mama anampitishia mtoto.

Kitu watu hawafikirii ni majivu. Moshi unaisha saa mbili usiku, majivu yanabaki kwa udongo, kuku anachakura hapo, unakula yai. Mwaka wa 2019 walipima mayai ya kuku wa kienyeji pale Agbogbloshie, Accra, mahali maarufu kwa kuchoma waya, wakapata kwamba mtu mzima akila yai moja tu amepita kiwango cha daioksini kinachokubalika Ulaya kwa siku mara 220. Kwa hivyo kama kuku wako wanatembea penye watu wanachoma waya, wafungie, na ile sukuma iliyo karibu na hapo iache kabisa.

Hao vijana ukiwafukuza tu wanaenda kuchomea mbele kidogo. Waambie waya wauchune ngozi kwa kisu badala ya kuuchoma, inachukua muda lakini kopa inatoka safi, na kopa safi ndio hulipa vizuri kuliko ile nyeusi iliyoungua. Hiyo hoja ya pesa nimeiona ikifanya kazi kuliko hotuba yangu yote ya mapafu.

Swali: Mimi ni fundi wa simu mjini, kazi yangu ni kusolda kutwa nzima. Ule moshi ndio risasi inaingia mwilini?

Jibu: Wengi wanafikiria hivyo, na ndio maana wanaziba pua halafu wanasahau mikono. Joto la kusolda halitoshi kugeuza risasi iwe mvuke mwingi. Ule moshi unaouona unatoka kwa flaksi, ile dawa ya kushikisha solda, na wenyewe una ubaya wake: unaleta pumu ya kazini, mtu anaanza kukohoa jioni, wikendi anapata nafuu, Jumatatu inarudi. Ukijiona kwa hiyo hali njoo mapema. Weka kafeni kadogo kavute moshi upande mwingine, usiinamie kazi mpaka pua iguse bodi.

Risasi inaingia kwa mdomo. Nimekaa kwa vibanda vyenu nikaona: mtu anashika waya wa solda, anaondoa solda ya zamani, vumbi liko kwa meza, saa saba chapo madondo inaletwa imefungwa kwa karatasi, anaikata na vidole vile vile, nyingine anaiweka juu ya meza ile ile kati ya skrubu. Kuna hata wale wanashika waya wa solda na meno. Maji na sabuni kabla ya kula, si sanitaiza (sanitaiza inaua vidudu, haitoi risasi kwa ngozi), kula nje ya kibanda, na meza ipanguswe na kitambaa chenye maji badala ya kupuliza vumbi. Hiyo tu, hata usiponunua kifaa chochote, inapunguza sana.

Swali: Sisi tukimaliza kazi tunakunywa paketi ya maziwa kutoa sumu. Inasaidia?

Jibu: Nilijua hii itakuja. Maziwa hayasafishi mapafu, hayatoi risasi iliyoshaingia kwa damu. Ukweli mdogo uliopo ni huu: mtu mwenye kalsiamu na madini ya chuma ya kutosha mwilini, tumbo lake linanyonya risasi kidogo kuliko mtu mwenye njaa. Kwa hivyo maziwa, omena, maharagwe na mboga za majani ni chakula kizuri kwa mtu wa kazi hii, na usiende kazini tumbo tupu. Ila ukinywa maziwa na mikono haijaoshwa, umekunywa maziwa na risasi.

Swali: Bwanangu anavunja kompyuta na TV za zamani Kariobangi, mimi niko na mimba ya miezi mitano na tuna mtoto wa miaka miwili. Sisi hatuendi huko kazini, tuko sawa?

Jibu: Dada, asante kwa kuuliza, na hili jibu litakuwa refu. Vumbi la kazi linakuja nyumbani kwa nguo, viatu, nywele na simu yake. Mtoto wa miaka miwili anatambaa, anaweka kila kitu mdomoni, na mwili wake unanyonya risasi mara 4 hadi 5 kuliko mtu mzima kwa kiasi kile kile. Risasi pia inapita kondo la nyuma inamfikia aliye tumboni. Na mwili unaificha kwa mifupa miaka na miaka, mimba ikija inatoka kwa mifupa pamoja na kalsiamu. Hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto, hiyo ni kauli ya Shirika la Afya Duniani, si yangu.

Sasa fanya hivi. Abadilishe nguo na viatu kabla ya kuingia nyumba, hata kama ni pale kwa korido, nguo ziingie kwa mfuko wake na zifuliwe peke yake, maji yamwagwe kwa choo au mtaro si pale watoto wanachezea. Aoge kabla hajabeba mtoto, najua mtoto anamkimbilia mlangoni na inauma kumwambia asubiri lakini asubiri. Usifagie nyumba kavu, pangusa na maji. Kazi isiletwe nyumbani, ile ya kufungua TV kwa meza ya sebuleni Jumapili ife kabisa, hasa zile TV nzito za mgongo mkubwa ambazo kioo chake peke yake kina risasi inayoweza kufika kilo kadhaa. Na kliniki ya wajawazito waambie kazi ya mzee ni gani, wasipouliza wewe sema, na zile tembe za madini ya chuma wanazokupa zimeze.

Swali: Nitajuaje kama mtoto amepata risasi?

Jibu: Kwa kumwangalia, mara nyingi hutajua. Mtoto anaweza kuwa anacheza vizuri huku risasi inapunguza akili yake polepole. Ikizidi ndio unaona tumbo linamsokota, anafunga choo, hana hamu ya kula, damu inapungua, hasira bila sababu, shuleni hashiki kitu, na ikizidi kabisa ni degedege. Dalili hizo zote zinafanana na minyoo, malaria na utoto wa kawaida, so kipimo ni damu tu, na si kila maabara ya mtaa inacho, uliza hospitali kubwa. Akipatikana nayo, dawa ya kwanza ni kuondoa chanzo. Sindano na tembe za kuitoa zipo lakini ni za viwango vya juu sana, usikubali mtu akuuzie dawa ya miti ya kusafisha damu.

Na si hadithi za mbali. Mwaka wa 2007 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilitoa matokeo ya watoto 328 waliopimwa karibu na dampo la Dandora, nusu yao walikuwa na mikrogramu 10 za risasi au zaidi kwa kila desilita ya damu. Siku hizi Shirika la Afya Duniani linasema ikifika 5 tayari tafuta chanzo ukiondoe. Mtaa wa Owino Uhuru kule Mombasa uliharibiwa wote na kiwanda cha kuyeyusha betri za magari, mahakama mwaka wa 2020 ikaamua wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3.

Swali: Mtoto amemeza ile betri ndogo ya mviringo ya rimoti!

Jibu: Hili linapita maswali mengine yote. Nenda hospitali kubwa yenye eksrei SASA, usingoje atoe kwa choo. Ikikwama kooni inaanza kuchoma nyama ya ndani, na ndani ya saa 2 inaweza kuwa imeumiza vibaya, hata ile betri iliyoisha nguvu. Usimtapishe. Kama amepita mwaka mmoja, anameza vizuri na hazijapita saa 12 tangu aimeze, mpe asali vijiko vidogo viwili kila dakika 10 mkiwa njiani, isizidi mara 6, na usichelewe kwa sababu unatafuta asali. Chini ya mwaka mmoja asali hapana. Betri mbovu zifunge na selotepu pande zote mbili, weka juu pasipofikika.

Swali: Tubu ya taa imevunjika ndani ya nyumba, nifagie?

Jibu: Usifagie kwanza. Toa watoto nje, fungua madirisha, kaa nje dakika 10 hadi 15. Okota vipande na karatasi ngumu, vumbi uliguse na selotepu au kitambaa chenye maji, weka vyote kwa mtungi wenye kifuniko. Zebaki yake ni kidogo, usiogope kupita kiasi. Taa za LED hazina hiyo shida.

Swali: Sasa nipeleke wapi? Yule jamaa anapita na spika ananunua simu mbovu, nimuuzie?

Jibu: Kwanza kama inatengenezeka, itengeneze. Simu inayotumika mwaka mmoja zaidi haijawa taka, na mafundi wa Nairobi hao hata kilichokufa wanakifufua. Dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka hizi mwaka wa 2022 na chini ya robo ndiyo ilijulikana kukusanywa na kurejelewa vizuri, kwa hivyo usidhani ukishaitoa nyumbani kuna mtu anaishughulikia.

Jamaa wa spika si adui, analisha familia, na mabati, fremu na vyuma muuzie bila wasiwasi. Betri, bodi, tubu na TV za mgongo mimi simpi. Hizo peleka kwa wenye leseni ya NEMA (mamlaka ya mazingira ya Kenya), kwa mfano WEEE Centre kule Utawala upande wa Eastern Bypass. Kusanyeni ploti nzima mpeleke pamoja, mtu mmoja akienda na chaja mbili nauli inamshinda. Friji usimruhusu mtu akate paipu zake hapo uani, gesi yake nyingine inashika moto. Sheria ya taka ya 2022 inawataka wanaoingiza na kutengeneza hizi bidhaa wabebe jukumu la mwisho wake, so ukinunua mpya uliza dukani kama wanachukua ya zamani, waulizwe na watu wengi.

Swali: Na picha zangu na M-Pesa, si mtu atazifungua?

Jibu: Toa laini, toa memori kadi, toka kwa akaunti ya Google au ile nyingine unayotumia, halafu uifute yote kwa setingi irudi kama ilivyotoka dukani. Kama haiwaki kabisa, waambie wanaoipokea waharibu memori wewe ukiona. Usiivunje wewe mwenyewe na nyundo, betri iko ndani.