Tiba ya Wasiwasi Usiokwisha: Yanayodhaniwa na Yalivyo

Mwenye wasiwasi wa kudumu, kabla hajamfikia mtaalamu wa saikolojia, huwa ameshajaribu mengi. Ameuliza ndugu na marafiki, amepima moyo na damu, ameahirisha safari, amejikaza asiwaze. Mengi kati ya hayo humpa nafuu ya saa moja, kisha wasiwasi hurudi ukiwa na nguvu zaidi. Tiba ya mazungumzo huanzia hapo hapo, kwenye yale mtu anayoyafanya ili atulie. Ndiyo maana anayeijia akitafuta kutulizwa tu huikosea tangu mwanzo. Dhana zifuatazo ndizo zinazowachelewesha watu.

Dhana: "Kila mtu ana wasiwasi, hili si jambo la kupeleka kwa mtaalamu."

Kweli kila mtu hupata wasiwasi, na wasiwasi una faida yake: ndio unaomfanya mtu afunge mlango usiku na asome kabla ya mtihani. Tofauti iko kwenye kiasi, muda na hasara. Wataalamu huuita ugonjwa pale unapopita kiasi, ukagusa mambo mengi kwa pamoja, ukawapo siku nyingi kuliko siku za utulivu kwa miezi 6 au zaidi, na mwenyewe akashindwa kuuzuia. Kwa mtu mzima huambatana na dalili zisizopungua 3 kati ya hizi 6: kutotulia, kuchoka upesi, akili kushindwa kushika jambo moja, hasira za karibu, misuli kukaza na usingizi mbovu.

Kuna dodoso la maswali 7 linalotumika sana, liitwalo GAD-7, lililochapishwa mwaka 2006. Huuliza hali ya wiki 2 zilizopita, kila swali lina alama 0 hadi 3, na jumla haizidi 21. Kuanzia alama 5 wasiwasi huhesabiwa kuwa mdogo, 10 wa wastani, 15 mkali. Alama peke yake haimpi mtu ugonjwa, lakini anayefikisha 10 ana sababu ya kutosha ya kwenda kuonana na mtaalamu. Apite pia kwa daktari wa kawaida, kwa sababu tezi ya thairoidi inayofanya kazi kupita kiasi, upungufu wa damu, kahawa nyingi na baadhi ya dawa za pumu huleta mapigo ya mbio na mtetemeko unaofanana kabisa na wa hofu.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 301 duniani walikuwa wakiishi na magonjwa ya wasiwasi, na kwamba takriban mmoja tu kati ya wanne wenye kuyahitaji matibabu ndiye huyapata. Wanaobaki nje si kwamba wote hawana pa kwenda. Wengi hawajui kwamba walicho nacho kinatibika.

Dhana: "Ni upungufu wa imani, au udhaifu wa moyo."

Wapo wacha Mungu wanaoishi na wasiwasi huu maisha yao yote, na wapo watu wasio na dini wasioujua. Urithi, malezi na misukosuko ya maisha huchangia kwa pamoja. Mtu anaweza kuendelea na ibada zake na tiba yake bila kimoja kukiharibu kingine.

Dhana: "Mtaalamu atanihakikishia kwamba hakuna baya litakalotokea."

Hili ndilo tarajio linalowavunja moyo wengi, kwa hiyo lifafanuliwe vizuri. Mtu akiwa na hofu kwamba amekosea kazini, akamuuliza mwenzake, akajibiwa "hapana, umefanya vizuri," moyo hutulia. Utulivu huo ni kama ujira: ubongo hujifunza kwamba kuuliza ndiko kulikoondoa hatari. Kesho shaka ikija, hamu ya kuuliza huja mapema zaidi, na jibu hukaa muda mfupi zaidi. Kupapasa mapigo ya moyo, kusoma ujumbe mara 5 kabla ya kuutuma, kutafuta dalili za magonjwa kwenye intaneti na kumpigia simu mtoto kila saa, vyote hufuata njia hiyo hiyo.

Mtafiti Michel Dugas na wenzake nchini Kanada walionyesha kwamba kiini cha wasiwasi wa aina hii ni kutostahimili hali ya kutokuwa na uhakika. Mtu hutaka asilimia 100, na dunia haina asilimia 100. Akipewa uhakikisho leo, atauhitaji kesho. Kwa hiyo mtaalamu mzuri hatamwambia "usijali, hakuna kitu." Atamsaidia kupunguza kuuliza kwa mpango:

1. Kwa wiki moja, aandike kila mara anapouliza au kukagua, bila kubadilisha chochote. Idadi yenyewe huwashangaza wengi.
2. Achague jambo moja jepesi, kwa mfano kusoma ujumbe mara moja tu kisha kuutuma.
3. Kabla ya kufanya hivyo aandike anachotabiri: nini kitatokea, na ana hakika kwa asilimia ngapi.
4. Baadaye aandike kilichotokea kweli, na kama kilikuwa kibaya, alikabiliana nacho vipi.
5. Hamu ya kuuliza ikizidi, aicheleweshe kwa dakika 10, kisha 30, kisha mpaka jioni.

Mpango huu huharibikia nyumbani mara nyingi, pale mume, mke au mzazi anapoendelea kutoa uhakikisho kwa huruma. Inafaa waelezwe mapema na kukubaliana jibu moja la upole, kama "naona hofu imekujia, twende na ule mpango wako." Kunyamaza ghafla au kugomba humwacha mgonjwa akihisi ametupwa.

Dhana: "Ni kuongea tu, na hata rafiki anaweza kunisikiliza."

Rafiki ana thamani kubwa, ila kazi yake ni nyingine. Tiba iliyochunguzwa zaidi kwa wasiwasi ni tiba ya fikra na tabia, iliyokua kutokana na kazi ya Aaron Beck nchini Marekani miaka ya 1960. Kwa wasiwasi wa kudumu, katika huduma ya afya ya Uingereza hupangwa vikao 12 hadi 15, kimoja kwa wiki, kila kimoja saa moja. Saa hiyo ina ajenda: kupitia zoezi la wiki iliyopita, kufanyia kazi jambo moja, kupanga zoezi linalofuata.

Vikao vya mwanzo huchora ramani. Huchukuliwa tukio moja la karibuni na kupasuliwa: nini kilianzisha, wazo gani lilipita, mwili ulifanya nini, mtu alifanya nini, na matokeo yakawa yapi baada ya dakika 5 na baada ya siku moja. Kisha hofu hugawanywa mafungu mawili. La kwanza ni tatizo lililopo na linaloweza kushughulikiwa, kama deni linaloiva mwezi huu: hilo huandikiwa hatua za kulitatua. La pili ni la "je, ikiwa," kama "je, ikiwa nitaugua nikizeeka?" Hilo halitatuliki leo, na kuliwazia kwa muda wa saa 3 usiku kunampa mtu hisia kwamba anafanya kazi wakati hakuna kinachosogea. Fungu la pili linatibiwa kwa mbinu nyingine kabisa, na kuyachanganya haya mawili ndiyo sababu kubwa ya ushauri mzuri wa marafiki kutofaa kitu.

Sehemu kubwa ya tiba hufanyika nje ya chumba cha mtaalamu. Asiyefanya mazoezi ya wiki hupata mazungumzo mazuri, na dalili zake hubaki karibu pale pale.

Dhana: "Lengo ni kuacha kuwaza, au kuwaza mazuri tu."

Mwaka 1987 Daniel Wegner na wenzake waliwaomba watu wasimfikirie dubu mweupe. Hawakuweza, na walipoachiwa baadaye walimfikiria zaidi kuliko wale ambao hawakukatazwa. Kujilazimisha kutowaza huwa kunalikumbusha wazo.

Badala yake mtu huupangia wasiwasi saa yake, mbinu iliyojaribiwa na Thomas Borkovec miaka ya 1980. Huchagua dakika 30, wakati mmoja na mahali pamoja kila siku, si kitandani wala karibu na saa ya kulala. Wazo likija mchana huliandika kwa maneno machache na kurudi kwenye alichokuwa anafanya. Saa ikifika hufungua orodha. Mengi huwa yameshapoa, yaliyobaki huwaziwa kwa makusudi mpaka muda uishe, kisha mtu huinuka. Wiki ya kwanza huwa ngumu. Wanaoikata tamaa siku ya tatu hawajaipa mbinu nafasi.

Kuandika utabiri na matokeo husaidia pia. Katika utafiti mdogo uliochapishwa mwaka 2020, wagonjwa 29 waliandika hofu zao na kuzifuatilia: takriban asilimia 91 hazikutimia. Takwimu za wengine hazimtulizi mtu kwa muda mrefu, lakini daftari lake mwenyewe ni vigumu kulibishia.

Dhana: "Kukabili hofu ni kutupwa majini usiyejua kuogelea."

Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Kumweleza kwamba ni ung'ongo hakutoshi, itambidi aushike. Ila haanzi kwa kuushika. Hutengenezwa ngazi ya hatua 8 hadi 10, kila moja ikipewa alama ya hofu kuanzia 0 hadi 100, na mtu huanza na zile za 30 au 40. Hakuna hatua inayofanywa bila ridhaa yake. Kwa hofu zisizoweza kutendwa, kama ya kufiwa, huandika kisa kibaya anachokiogopa kwa undani na kukisoma tena na tena mpaka kipungue makali.

Makosa ya kawaida ni haya. Kuruka hatua, kuondoka hofu ikiwa kileleni, kufanya mara moja tu badala ya mara kadhaa kwa wiki, au kwenda na "kinga" mfukoni: chupa ya dawa, simu mkononi, mtu wa kushika mkono. Kinga ikiwapo, ubongo huipa kinga sifa yote na haujifunzi kwamba mtu aliweza mwenyewe.

Dhana: "Pumzi ndefu ndiyo tiba yenyewe."

Inasaidia, ikifanywa sawasawa. Kuvuta hewa nyingi kwa nguvu huteremsha kabonidayoksaidi katika damu, na hapo huja kizunguzungu na vidole kuchonyota, mambo yanayozidisha hofu. Kinachotakiwa ni pumzi ya polepole, kama 6 kwa dakika, kutoa kukiwa kurefu kuliko kuvuta. Kulegeza misuli kwa zamu, kazi iliyoanzishwa na Edmund Jacobson, kunahitaji wiki kadhaa za mazoezi ya kila siku wakati mtu ametulia. Anayesubiri mpaka hofu ipande ndipo ajifunze huona haifai.

Dhana: "Dawa ni za wendawazimu, na ukianza huachi."

Hapa huchanganywa dawa mbili tofauti. Zile zinazotumiwa pia kwa sonona, kama sertraline, hazileti ulevi, huchukua wiki 2 hadi 6 kuonyesha nafuu, na siku za mwanzo zinaweza kuongeza kutotulia. Huachwa kwa kupunguzwa taratibu kwa maelekezo ya daktari. Dawa za kutuliza haraka kama diazepam ndizo zenye hatari ya utegemezi, na hazipaswi kuzidi wiki 2 hadi 4. Dawa na tiba ya mazungumzo huweza kwenda pamoja. Mwenye mawazo ya kujiua asisubiri kikao cha wiki ijayo: atafute huduma ya dharura siku hiyo hiyo na asiachwe peke yake.

Dhana: "Nilienda mara mbili haikunisaidia."

Mara mbili ni ramani tu. Pima kwa GAD-7 kila wiki 2, na kama kufikia kikao cha 6 hadi 8 hakuna mabadiliko, mwulize mtaalamu wazi: mpango wetu ni upi, na tunabadilisha nini? Asiyeweza kujibu, tafuta mwingine. Mahali pasipo na wataalamu wa kutosha, Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2016 mpango wa vikao 5 unaoendeshwa na wasaidizi wa kawaida waliofunzwa na kusimamiwa, na vikao vya kwa simu au video navyo hufanya kazi.

Dhana: "Nikipona sitapata wasiwasi tena."

Wasiwasi utarudi, hasa kwenye msiba, ujauzito, kazi mpya au usingizi ukiharibika. Ndiyo maana kikao cha mwisho hutumika kuandika ukurasa mmoja wenye dalili zako 3 za mwanzo kabisa, mazoezi 2 yaliyokusaidia zaidi, na alama ya GAD-7 ambayo ukiifikia kwa wiki 2 mfululizo utampigia simu mtaalamu. Ukurasa huo huwekwa panapoonekana, na mtu mmoja wa nyumbani hujua ulipo.