Siti hakuimba kwa upole kwa sababu ya woga

Nimeyasikia tena maneno juu ya Siti binti Saad, yule mwimbaji wa taarabu wa Unguja, safari hii barazani Kibokoni, kwa kijana ambaye vidole vyake kwenye kinanda ni vyepesi kuliko vyangu: "Siti binti Saad alikuwa na sauti, lakini siasa hakuwa nayo. Mpole mno." Mwenziwe akamjazia: upole ni mafumbo, na mafumbo ni woga. Mimi ni mpiga udi wa harusi hapa Mji wa Kale, Mombasa, na nimechoka kulijibu jambo hili kwa mdomo.

Maisha yake nayapitia mbio. Mzaliwa wa Fumba, Unguja, wa ukoo wa watumwa, muuza vyungu. Mwaka 1928 alikwenda Bombay na wenziwe kurekodi santuri, wakati taarabu ya wakubwa ilikuwa bado ikiimbwa kwa Kiarabu. Shaaban Robert kamwandikia wasifu, kausome. Watu wa mjini walipomcheka kwa asili yake na nguo zake, alijibu kwa wimbo kwamba sura na nasaba si hoja, hasara ya mtu ni kukosa akili. Hakumtukana mtu. Nani anayewakumbuka wale waliomcheka?

Basi tuje kwenye wimbo wake "Kijiti", maana hapo ndipo hoja ya woga inapovunjika. Mwanamke mgeni, mja mzito, anadanganywa, anapelekwa kwenye ulevi, anauawa. Muuaji anatorokea bara. Wanawake waliokuwa mashahidi ndio wanaofungwa. Kisa cha kweli hicho, chini ya mahakama ya Mwingereza. Haya niambie, fumbo liko wapi? Muuaji katajwa kwa jina, na jina lenyewe ndilo la wimbo. Jaji yumo, kakaa kitini, kaghadhibika, anawatukana mashahidi. Mtu mwoga haimbi hivyo mbele ya watu wanaomjua kila anayetajwa.

Upole wake uko kwingine. Kwanza, huruma anampa yule mgeni na kilichomo tumboni mwake kabla ya kumpa mtu mwingine chochote. Pili, na hili ndilo linalonikera watu wasipoliona, tusi la jaji analiacha mdomoni mwa jaji. Hamrudishii. Hasemi "jaji huyu ni dhalimu", wala hatufundishi kwamba serikali ya kikoloni haina haki kwa mwanamke maskini. Analiweka tusi ndani ya ubeti, mizani imetimia, vina vimekaa, kisha anaendelea. Wanaoitikia ndio wanaobaki nalo. Hukumu inatoka kwao, na hukumu uliyoitoa mwenyewe huwezi kuikataa ukifika nyumbani. Anayehubiri hukuletea hukumu imeshaandikwa, kazi yako ni kutia saini au kuondoka. Wengi huondoka.

Ndiyo maana nagombana na vijana mazoezini. Wakifika ubeti wa jaji, dumbak, ile ngoma ndogo, inachapwa, fidla inalia, mwimbaji anakunja uso ili tujue kwamba jaji ni mbaya. Yakhe, tunajua! Ukikasirika kwa niaba ya msikilizaji umemnyang'anya hasira yake, na yeye atakaa akutazame wewe ulivyokasirika. Shusha sauti. Udi usiujazie mapambo. Neno litoke zima, hata bibi aliye nyuma kabisa, karibu na masufuria ya pilau, alisikie. Kazi ngumu ni hiyo, na ndiyo wasioitaka, kwa sababu kupiga kelele hakuhitaji mazoezi.

Lakini nisijifanye sina mashaka. Santuri zile upande mmoja ulikuwa kama dakika tatu, na taarabu ya usiku haina haraka hiyo. Huenda huu upole ninaousifu umechongwa kidogo na mashine, na huenda nyumbani kwake, mbele ya majirani, alikuwa mkali kuliko ninavyopenda kumfikiria.

Na shaka kubwa zaidi nimeiona kwa macho. Harusini hapa hapa mjini tuliimba beti kuhusu mtu anayekula ardhi za mayatima, kwa upole wote niliousifu hapo juu. Akainuka bwana mmoja ambaye nusu ya ukumbi ulijua kwamba ndiye hasa. Akaja mbele kwa madaha, akamtunza mwimbaji noti moja moja, anatabasamu, anatikisa kichwa kwa utamu wa maneno. Alidhani anasemwa jirani yake. Mwimbaji alishukuru, akaurudia ubeti uleule, na bwana akaongeza noti. Tulipogawana fedha, mpiga dumbak alisema tumeshindwa, tungemtaja kama Siti alivyomtaja Kijiti. Mimi nikasema ukumbi mzima ulimwona akijilipia wimbo wake. Mpaka leo tukikutana tunaubishania usiku ule, na sina hakika kwamba mimi ndiye niliye sawa.