Mtoto hataki mboga? Achia hiyo pua kwanza

Mi niko kliniki ya mama na mtoto hapa Dar, na siku za mizani ndo nasikia kila kitu. Mtoto akishapimwa, naangalia kadi, kabla hata sijauliza mama ameshaanza, "sista huyu mboga hataki kabisa, akiona kijani tu mdomo kaufunga kama kufuli". Maswali ni yaleyale kila wiki, nimeyaweka hapa pamoja na majibu, na moja nitalirudia mpaka mnichoke.

Mtoto anayechagua chakula ni yupi hasa?
Ni yule anayekula vitu vichache alivyovizoea na vingine anavikataa hata hajavionja. Mara nyingi inaanza akishapita mwaka mmoja, inapamba moto kwenye miaka 2 na 3, baadaye inapoa yenyewe. Sio ugonjwa na wala hujalogwa.

Mbona alipokuwa na miezi 8 alikula mchicha, boga, kila kitu, sasa ana mwaka na nusu hataki?
Kwa sababu mwaka wa kwanza alikuwa anakua mbio. Aliyezaliwa na kilo 3 akifikisha mwaka anakuwa kwenye kilo 9 hivi, halafu mwaka wa pili wote anaongeza kilo 2 na kitu tu, sasa njaa ya nini wakati mwili umepunguza mwendo? Na hapohapo kajua kutembea, kajua kusema sitaki, na kitu cha kwanza cha kukuonyesha kuwa anajua kusema sitaki ni kijiko chako. Halafu wengine mnampakulia sahani ya baba yake alafu mnashangaa anabakiza. Tumbo lake ni dogo jamani, kwa mboga anza na kijiko kimoja cha chakula, akitaka ataongezewa.

Nikimbana pua akameza, si amekula?
Hapana.

Ngoja nieleze vizuri maana hili ndo linalonikera. Kuna bibi mmoja alinionyesha mwenyewe kliniki, wala hakuona aibu, alidhani ananifundisha. Kamlaza mjukuu chali mapajani, miguu ya mtoto kaibana katikati ya magoti yake, kiganja cha kushoto kakikunja kama kikombe chini ya mdomo, kamimina uji uliochanganywa na mchicha uliosagwa, halafu vidole viwili puani. Mtoto akahangaika, akahangaika, mwisho akafungua mdomo uji ukaingia, bibi akaniangalia kama vile "umeona?". Nimeona bibi, na nilimnyang'anya kikombe cha uji.

Mtoto aliyebanwa pua hafungui mdomo ili ale, anafungua avute hewa. Ile pumzi anayoivuta kwa nguvu inaondoka na uji, na uji ukishaingia njia ya hewa unashuka mpaka kwenye mapafu. Hapo mtoto anaweza kupaliwa akafa palepale mikononi mwako, au asife ila baada ya siku moja mbili anaanza homa na kupumua haraka, mnasema kapigwa na baridi, mnamfunika shuka. Ni uji huo mama. Ni ile mboga uliyotaka imjenge mwili.

Lakini na sisi tulilishwa hivyohivyo, tukakua.
Najua, hata mimi mama yangu alinibana. Jibu bado ni hapana. Aliyevuka barabara amefumba macho akafika salama hatukusanyi watoto tuwaambie nao wafumbe.

Na nikimpa kidogokidogo akiwa amelala, au akiwa analia maana mdomo uko wazi?
Hapana tena! Anayelia anavuta hewa kwa kishindo. Mtoto anakula akiwa macho, ameketi, mgongo umenyooka, mdomo anaufungua mwenyewe. Akigeuza uso ameshiba au hataki, toa sahani. Hatakufa kwa kukosa mchicha wa leo mchana, ila kwa kubanwa pua anaweza kufa leoleo mchana. Na dada wa kazi mwambie, bibi mwambie, maana mnaniitikia vizuri kliniki, nyumbani anayelisha ni mwingine.

Haya sista, sasa hiyo mboga ataila vipi?
Kwanza utulie. Mtoto kitu kigeni anaweza kuhitaji kukiona na kukionja mara 8, mara 10, hata 15 ndo akubali, na nyie akikataa mara 2 mnatangaza mtaa mzima "wangu hali mboga" na yeye anasikia, anashika hiyo kazi. Weka kidogo sana kwenye sahani, pembeni ya kitu anachokipenda, usiseme neno. Akigusa akaacha, sawa. Akitia mdomoni akatema, sawa pia, hiyo ni hatua. Kesho kutwa weka tena.

Halafu mboga yenyewe ipikwe iwe na ladha bwana. Mnachemsha mchicha wa watu mpaka unakuwa mweusi, chumvi hakuna mafuta hakuna, mnamwekea mtoto, mbona nyinyi hamli hivo? Katakata mchicha au tembele mdogomdogo, weka kitunguu na nyanya, tia tui la nazi au karanga zilizosagwa laini, usiiache motoni muda mrefu. Hayo mafuta ya nazi na karanga ndo yanasaidia mwili uchukue vitamini A iliyoko kwenye mboga, sio anasa. Kamulia na ndimu kidogo, inasaidia madini ya chuma ya kwenye mboga yaingie mwilini. Boga, karoti iliyoiva ikalainika na viazi lishe vile vya rangi ya chungwa vina utamu wao, wengi wanaanzia hapo kabla ya majani. Maharage ponda pamoja na majani ya maboga. Mlenda usiudharau, watoto wanapenda vile unavyovutika. Kisamvu kitwangwe vizuri na kichemshwe sana, hicho hakiliwi kibichibichi, kina sumu kisipoiva. Karoti mbichi ya vipande na karanga nzima kwa hawa wadogo hapana, zinakaba.

Mmoja kati ya kina mama zangu wa kliniki alikuwa na kabinti ka miaka 3 kagumu kweli. Nikamwambia jioni ukikaa kuchambua mchicha kape fungu lake. Kakawa kanachambua, majani kanatia kwenye sufuria, vijiti kanavirusha kwa kuku, na siku kama ya nne kakala "mchicha wangu". Sio wa mama, wake. Hakakula wote, vijiko viwili, lakini hakuna aliyekashika pua.

Na muwe mnakula naye. Baba anasukuma matembele pembeni anakula nyama, mtoto yuko hapo anaangalia, halafu kesho unanilalamikia mtoto?

Ila akikosa mboga si bora apate hata chai na biskuti?
Hilo ndo linalomfanya akose njaa ya mboga! Saa 3 chai na andazi, saa 4 juisi ya boksi, saa 5 biskuti ya dukani ili anyamaze, saa 7 unamwekea ugali na mboga anakuangalia tu. Ameshiba sukari. Na chai inazuia mwili kuchukua madini ya chuma, kwa hiyo hata ile mboga kidogo aliyokula unaiharibia. Mtoto chini ya miaka 5 chai ya nini? Mpe maji. Saa moja na nusu au mbili kabla ya chakula asipewe kitu zaidi ya maji uone kama hatasogelea sahani. Maziwa ya ng'ombe nayo, akishavuka mwaka yanamfaa ila yasizidi nusu lita kwa siku, kuna watoto wanaishi kwa maziwa tu, wanene, mashavu haya, ukiwapima damu iko chini.

Kuna dawa ya hamu ya kula nimeambiwa ipo famasi.
Usinunue. Nyingi mnazouziwa ni dawa za mzio zinazomfanya asinzie, na kuna vile vidonge vya kunenepesha ambavyo uvimbe wa uso mnauita afya. Dawa anaandika daktari akishamuona mtoto, sio muuzaji aliyemsikia mama jirani.

Mboga zikigoma kabisa wiki hii?
Mpe embe, papai, chungwa. Vitamini nyingi za kwenye mboga ziko na huko pia. Ila mboga endelea kuiweka kwenye sahani, usiifute. Na matone ya vitamini A kila miezi 6 pamoja na dawa ya minyoo msiyakose, ni bure.

Nitajuaje kama hii sio kuchagua tu?
Mstari wa uzito kwenye kadi umelala au unashuka, viganja vyake vyeupe ukivilinganisha na vyako, anakula udongo au mkaa, amechoka hachezi, miguu imevimba, anaharisha au anatapika bila kukoma, au amekataa hata kile anachokipendaga. Utepe tunaomzungushia mkononi juu ya kiwiko ukisoma chini ya sentimita 12.5 kwa mtoto wa miezi 6 mpaka miaka 5 ana utapiamlo, chini ya 11.5 ni mkali. Yoyote kati ya hayo njoo siku hiyohiyo, usisubiri tarehe ya kliniki iliyoandikwa kwenye kadi.

Jana usiku nilimlisha kwa kumbana akapaliwa, akatulia, leo anakohoa na anapumua harakaharaka. Nimwangalie mpaka kesho?
Usimwangalie. Mfunue kifua, hesabu pumzi dakika nzima akiwa ametulia: ana mwaka mmoja au zaidi na zinafika 40, au hajatimiza mwaka na zinafika 50, au hata hujahesabu ila chini ya mbavu panabonyea kila akivuta, hospitali sasa hivi, hata kama ni usiku, hata kama baba yake hajarudi. Usimpe kitu mdomoni njiani, sio uji, sio asali, sio mafuta ya nazi. Kadi ukiiona beba, usipoiona nenda bila kadi. Na ukifika waambie ukweli kwamba alibanwa pua akilishwa, tusije tukaanza kutafuta malaria wakati uji uko kwenye mapafu.